Kabla Hujang'oa Dirisha la Nyumba ya Mawe

Nyumba ninayoishi ina madirisha tisa. Saba ni ya mbao, yale yale ya tangu nyumba ilipojengwa, na yanafunguka na kufunga bila kelele. Mawili niliamua mwenyewe yang'olewe, nikalipa fedha nyingi ili yang'olewe. Karibu kila ninachokijua leo kuhusu madirisha ya nyumba za mawe nilikipata kwa hayo mawili, na nilikipata kwa kuchelewa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Madirisha yangu yameoza, niweke ya plastiki au ya alumini?", simjibu moja kwa moja. Namuuliza kwanza: umeyachoma kwa bisibisi? Wengi hawajayachoma. Wameona rangi imebanduka, wamesikia upepo ukipiga mluzi usiku, wakahesabu kwamba dirisha limekufa. Nami nilihesabu hivyo hivyo.

Vyumba vyetu viwili vya upande unaopigwa na mvua vilikuwa na baridi. Pazia lilikuwa likicheza hata dirisha likiwa limefungwa. Nikaita kampuni ya madirisha. Alikuja mtu mmoja na futi ya chuma, akapima kila dirisha mara moja kwa upana na mara moja kwa urefu, akaondoka. Baada ya wiki chache wakaja mafundi na mtaimbo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Fremu za zamani zilikatwa katikati kwa msumeno, zikavutwa vipande vipande, zikatupwa kwenye lori. Mpya zikaingizwa, mianya ikajazwa povu la kupulizia, na kwa nje wakazungusha saruji, wakailainisha ikawa kama sahani.

Jioni ile chumba kilitulia. Pazia halikutikisika. Nilifurahi kwa moyo wote.

Miezi kama sita baadaye nilivuta kabati la nguo kutafuta kitu kilichoanguka nyuma yake, nikakuta ukuta umeota ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukuta ule haukuwahi kuwa na ukungu. Mvua zilipozidi, chini ya dirisha likajitokeza doa la maji lenye umbo la ulimi, na plasta ya chokaa ikaanza kuvimba na kudondosha unga. Dirisha lenyewe lilikuwa kavu na safi, halipitishi hata tone. Ugonjwa ulikuwa umehamia ukutani.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba dirisha na ukuta ule vilikuwa kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimenunua nusu moja bila kuiuliza nusu nyingine.

Ukuta wa mawe wa kizamani mara nyingi ni kuta mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, ya nje na ya ndani, na katikati mwashi alijaza vipande vya mawe na chokaa. Unene wake hufika sentimita 50 au 60, wakati mwingine zaidi. Hauna uwazi wa kukata maji katikati, wala utando wa kuzuia unyevu kama kuta za siku hizi. Huo ni ukuta unaoishi na maji. Mvua inaulowesha kidogo, ardhi inaupa unyevu kidogo, mvuke wa jikoni na wa pumzi zetu unaingia kidogo, kisha jua na upepo vinayatoa yote kupitia viungo vya chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yakitafuta njia ya kutoka hupita hapo. Ikichakaa unaikwangua na kuijaza upya, na jiwe linabaki zima.

Saruji haina tabia hiyo. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, ni nzuri sana kwa zege na kwa matofali ya kisasa. Ukiizungushia dirisha la ukuta wa mawe inakuwa kizibo. Nyumba kongwe hucheza. Inatanuka na kunywea kidogo kila msimu, na chokaa hucheza nayo. Saruji haichezi. Inapasuka ufa mwembamba kama uzi kati yake na jiwe, maji ya mvua yanafyonzwa na ule ufa, na kutoka hayawezi kwa sababu uso wote uliobaki umezibwa. Yanashuka ndani kwa ndani, yanatokea chini ya dirisha. Ule ulimi.

Ukungu nao ulikuwa na sababu yake. Familia ya watu wanne hutia lita kadhaa za maji hewani kila siku kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Madirisha ya zamani yalikuwa yakiutoa mvuke ule mchana kutwa kwa mianya yake. Halafu, kioo kimoja chembamba kilikuwa ndicho kitu baridi kuliko vyote chumbani, kwa hiyo mvuke uliobaki ulikuwa ukigeuka maji juu ya kioo, mahali ninapouona, nikafuta kwa kitambaa nikaendelea na siku yangu. Nilipoweka vioo viwili vya kisasa, kioo kikapata joto kuliko ukuta. Mvuke ukatafuta mahali pengine penye baridi. Ukapapata kwenye kona nyuma ya kabati, ambako hewa haizunguki na hakuna anayeangalia.

Sisemi kwamba ule upepo wa baridi ulikuwa jambo jema. Ninachosema ni kwamba ulikuwa ukifanya kazi, na mtu akiuondoa inabidi kazi ile ampe mwingine: tundu la hewa lenye kifuniko kwenye fremu, feni ya kutoa mvuke jikoni na bafuni, au mazoea ya kufungua madirisha ya pande mbili kwa dakika kumi kila asubuhi. Mimi sikuambiwa, na sikuuliza.

Hasara ya tatu niliigundua kwa macho kabla sijaipima. Vyumba vile viwili vilikuwa vimeingiwa na giza. Nafasi ya dirisha ukutani ni sentimita 90 kwa 120. Fremu ya mbao, pamoja na ubao wa bawa lake (ile sehemu inayofunguka), ilikuwa ikila kama sentimita 5 kila upande, kwa sababu sehemu kubwa ya mwimo, yaani ubao wa kusimama wa fremu, imejificha nyuma ya jiwe. Waashi wa zamani waliacha mdomo wa jiwe kwa nje, na fremu iliingizwa kutoka ndani ikaegemea mdomo huo. Mvua haikuwa na njia ya moja kwa moja. Fremu mpya ilipachikwa kutoka nje, mbele kabisa, na unene wake unaoonekana ni sentimita 11 kila upande. Piga hesabu: kioo cha 80 kwa 110 kimekuwa cha 68 kwa 98. Karibu robo ya mwanga imepotea, katika nyumba ambayo kuta zake nene tayari zinaupa mwanga njia nyembamba.

Huwa nafikiria kodi ya madirisha ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1696 na kufutwa mwaka 1851. Watu walikuwa wakiziba madirisha kwa matofali wasilipe, na hadi leo kuna nyumba kule zenye madirisha yaliyozibwa. Wale walipoteza mwanga ili waokoe fedha zao. Mimi nilitoa fedha, na mwanga nikaupoteza.

Kuhusu madirisha saba yaliyobaki, namshukuru fundi mmoja mzee, seremala, ambaye hata hakuja kwa ajili ya madirisha. Alikuja kurekebisha mlango. Nikamwambia, "Mzee wangu, haya mengine nayo nataka niyabadilishe moja moja kadiri nitakavyopata fedha."

Hakunijibu. Alitoa bisibisi mfukoni, akaenda kwenye dirisha la sebuleni, akaanza kuchoma mwimo kutoka juu kushuka chini, taratibu, kila kiganja kimoja. "Hapa pagumu. Hapa pagumu. Hapa pagumu." Alipofika chini kabisa bisibisi ikazama kama kwenye mkate. "Hapa pameoza. Mwanangu, mtu ana jino moja bovu, unamng'oa taya?"

Tangu siku ile nimeyachoma madirisha mengi, yangu na ya watu. Uozo hauko kila mahali. Una makao yake. Hukaa kwenye ubao wa chini wa bawa, kwenye miguu ya miimo, kwenye kizingiti cha chini, na kwenye viungo vya pembeni. Ubao hunywa maji kwa ncha zake kuliko kwa ubavu, na ncha zote zinakutana hapo hapo. Kwa juu, mbao zinaweza kuwa nzima kabisa chini ya rangi inayotisha. Na mbao zile za zamani ni mbao kweli: nyingi zilikatwa kwenye miti iliyokua polepole, duara zake za umri zimebanana, na seremala alichagua kiini cha mti akaacha sehemu laini ya nje. Mbao ya mti uliokuzwa haraka kwa ajili ya soko haiwi na ugumu ule. Ndiyo sababu ubao mpya, ukiwekwa mahali pa wa zamani bila kuangaliwa, unaweza kuoza mapema kuliko ule uliotupwa.

Tulitengeneza dirisha la sebuleni pamoja. Yeye akifanya, mimi nikishika na kuuliza. Bawa lilitolewa kwenye bawaba na kulazwa juu ya meza. Alikata mguu wa mwimo kwa mshazari hadi akafika kwenye mbao ngumu. Aliuelekeza mshazari ule ushuke kwa nje, ili maji yakiingia kwenye kiungo yatoke, yasilale ndani. Kipande kipya alikichonga kutoka aina ile ile ya mbao, nyuzi zake zikielekea upande ule ule, akakipaka gundi, akapigilia vigingi viwili vya mbao. Ukipitisha kidole unahisi kiungo, ukisimama hatua mbili hukioni.

Kazi niliyoipenda zaidi ni ya vioo. Puti ya zamani, ule ukanda unaoshika kioo kwenye mbao, ilikuwa imekauka kama jiwe. Kuigonga kwa patasi ni kuvunja kioo. Unailainisha kwa joto kidogo, ukiwa umekinga kioo kwa ubao uliofunikwa karatasi ya alumini, kisha unaitoa kwa kisu butu, kipande kwa kipande. Kioo kikitoka unakisafisha na kukiweka mbali na miguu ya watoto. Kile chetu kilikuwa na mawimbi. Ukitingisha kichwa, mti wa nje unatingishika nao. Kimetengenezwa kwa kupuliziwa. Zamani kioo kilipuliziwa kikawa silinda, kikapasuliwa na kulazwa, au kilizungushwa kwa kasi hadi kikafunguka kama sahani. Kioo cha leo, kisicho na wimbi hata moja, humiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka. Njia hiyo ilitangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959. Watu husema kioo cha zamani ni kinene kwa chini kwa sababu kimekuwa kikitiririka polepole kwa miaka mingi. Si kweli. Kioo hakitiririki dirishani. Unene wake haukuwa sawa tangu kilipotoka kwa fundi.

Puti mpya ni mafuta ya mbegu za kitani na unga laini wa chaki, basi. Unaikanda mkononi hadi iache kunata, inakuwa na joto la kiganja na harufu kama ya njugu. Unalaza ukanda mwembamba kwanza, unakandamiza kioo juu yake kwa kusukuma kingo tu, kamwe si katikati, unapiga vipini vidogo vya kukishikilia, kisha unalaza ukanda wa nje na kuukata kwa kisu kwa mkono mmoja usiosita, kutoka kona hadi kona. Mara ya kwanza ukanda wangu ulikuwa na mabonde. Mzee aliukwangua wote bila kusema neno, akanirudishia kisu. Wa nne ulinyooka. Puti ile inasubiri wiki moja au mbili ipate ngozi, ndipo ipakwe rangi, na rangi ivuke puti iguse kioo kwa milimita moja au mbili, ili maji yasipate mlango.

Hapa nisimame kwa jambo la afya. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi ndani yake. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine kwa miaka yao tofauti, kwa hiyo dirisha kongwe lichukulie kuwa na risasi hadi upimaji uoneshe vinginevyo. Usipige msasa mkavu, usichome rangi kwa moto mkali, usiruhusu watoto wala mama mjamzito karibu. Msasa uwe wa maji, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na nyumba nzuri haifidii hilo.

Sasa baridi. Wanaouza madirisha mapya wana hoja, na hoja yao si ya uongo. Kioo kimoja kinapitisha takriban wati 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Vioo viwili vya kisasa, vyenye utando wa metali usioonekana na gesi katikati, hupitisha kati ya wati 1.2 na 1.6. Tofauti ni kubwa. Lakini Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian kilipima madirisha ya kizamani ya kioo kimoja kwa ajili ya taasisi ya Historic Scotland, na ripoti ikatoka mwaka 2008. Mapazia mazito peke yake yalipunguza joto linalopotea kwenye kioo kwa asilimia 14. Milango ya mbao ya ndani ya dirisha, ile ambayo watu wengi huing'oa wakidhani ni urembo, ilipunguza kwa asilimia 51. Na dirisha la pili jepesi lililowekwa upande wa ndani, la zamani likibaki mahali pake, lilipunguza kwa asilimia 63.

Asilimia 63, bila kugusa jiwe wala kubomoa kitu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia mara mbili, halafu nikaenda kusimama mbele ya yale madirisha yangu mawili mapya.

Tulifanya hivyo kwa vyumba vya kulala: fremu nyembamba ya ndani yenye kioo, inayofunguka kama mlango ili ya nje isafishwe na hewa ipite. Muhimu ni kwamba dirisha la ndani libane vizuri na la nje libaki na upenyo kidogo, ili mvuke unaojipenyeza katikati upate pa kutokea. Ukifanya kinyume, kioo cha nje kitalia maji kila asubuhi. Faida nyingine ni kelele. Nafasi kati ya vioo ikifika sentimita 10 au zaidi, sauti ya barabarani inashuka kuliko inavyoshuka kwa vioo viwili vilivyobanana. Kwa madirisha mengine tulichonga mfereji mwembamba kwenye ukingo wa bawa tukalaza mkanda wa brashi. Mluzi wa usiku uliisha siku ile ile.

Na kabla ya yote hayo, pima. Madirisha yangu tisa kwa pamoja hayafiki mita za mraba 10. Dari lina zaidi ya 80, na halikuwa na kitu juu yake isipokuwa vumbi. Fedha nilizotoa kwa madirisha mawili zingetosha kulifunika dari lote kwa sufi ya kuhifadhi joto, na nyumba nzima ingepata afueni.

Yapo madirisha yasiyookoka. Nimeona miimo iliyoliwa na wadudu ikabaki rangi tu, na nimeona nyumba ambazo madirisha yake ya asili yalishatolewa zamani, yaliyopo ni mabati ya kubahatisha. Hapo badilisha, bila kujilaumu. Ila kuna mambo ambayo fundi aliyezoea nyumba za matofali anaweza asiyajue.

Kwanza linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Kwa nje utaona jiwe refu juu ya dirisha ukadhani ndilo linalobeba kila kitu. Nyuma yake, kwa upande wa ndani, mara nyingi kuna gogo la mbao lililofunikwa na plasta, na hilo gogo linaweza kuwa limeoza na kuegemea fremu miaka mingi bila mtu kujua. Fremu ikitolewa, mzigo unabaki bila mguu. Toboa plasta, angalia gogo, weka nguzo za muda za kushikilia, ndipo ushike mtaimbo. Ukiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, muite mhandisi anayezijua nyumba za mawe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Pili vipimo. Nafasi ya dirisha katika ukuta wa mawe haina pembe mraba hata moja. Unapima upana sehemu tatu, urefu sehemu tatu, na mishazari yote miwili, kisha unatundika timazi kila upande. Dirisha langu la jikoni lina tofauti ya sentimita 2 kati ya juu na chini. Mtu anayepima mara moja na kuondoka ataleta kitu kinachobaki na pengo, na pengo lile litajazwa kwa povu na saruji.

Kuhusu kujaza, mzee alitumia neno la majahazi: kalafati. Nyuzi za kamba zilizolowekwa mafuta, zinashindiliwa kwa patasi butu kati ya fremu na jiwe, tabaka juu ya tabaka, hadi zigome. Juu yake chokaa na mchanga mkali, inapigwa kwa tabaka nyembamba. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa, si kwa haraka kama saruji; inafunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa, ikikingwa na jua kali na baridi ya kugandisha. Mafundi wengi hawapendi kusubiri. Mlipe anayesubiri.

Kizingiti cha chini nacho, ukiwa kwenye ngazi, pitisha kidole chini ya ukingo wake wa nje. Utakuta mfereji mdogo, upana wa kidole. Ule ndio unaolifanya tone la mvua lianguke chini badala ya kurudi ukutani. Kwenye madirisha yangu mawili, saruji ilikuwa imeujaza kabisa. Kuukwangua ilikuwa kazi ya nusu saa, na ule ulimi wa maji ulianza kupungua mvua ya kwanza iliyofuata.

Na kama unaweka vioo viwili ndani ya bawa la zamani, kumbuka uzito. Kioo cha milimita moja kina kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kile cha milimita 3 kilichokuwepo ni kilo 7.5, viwili vya milimita 4 ni kilo 20. Bawaba zinalegea, na kwa yale madirisha yanayosukumwa juu kwa kamba na mizani (vyuma vizito vya kusawazisha uzito wa dirisha) iliyofichwa ukutani, mizani yote inabidi ibadilishwe la sivyo dirisha litaanguka kama panga. Ukingo uliozibwa kati ya vioo hivyo nao una mwisho. Baada ya miongo miwili au mitatu gundi yake huchoka, unyevu unaingia katikati, na hakuna kitambaa kinachofika huko.

Kama nyumba yako iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, nenda ofisi inayohusika kabla ya kununua chochote. Katika nchi nyingi kubadilisha dirisha bila kibali ni kosa, na unaweza kuamriwa kurudisha kama lilivyokuwa kwa gharama yako. Niliwahi kuziona sheria hizi kama usumbufu. Sasa natamani ingekuwepo moja ya kunizuia.

Mwaka uliopita niliamua kuyatoa yale mawili ya kisasa. Kabla ya kuchonga mapya, mzee alitaka tuangalie vizuri yale saba, tuige vipimo vya mbao zake. Alilitoa bawa la dirisha la ngazini, akaligeuza, akaniita. Kwenye ukingo uliofichwa, upande wa bawaba, palikuwa na mikato mitano ya patasi, mifupi, iliyonyooka. Akanionesha mwimo: mikato mitano mahali pale pale. Tukaenda dirisha kwa dirisha. Mmoja. Miwili. Mitano. Sita. Hadi tisa. Seremala wa kwanza alikuwa ameyaandika, kila bawa na tundu lake, kwa sababu alijua hakuna matundu mawili yanayolingana katika ukuta ule. La tatu na la nne hayakuwepo.

Mapya yalichukua wiki saba. Mbao ilikaushwa vizuri, fremu ziliingizwa kutoka ndani zikaegemea mdomo wa jiwe kama zilivyokuwa mwanzo, kalafati, chokaa, magunia mabichi. Vyumba vile vimepata mwanga wake. Ukuta nyuma ya kabati bado unakauka. Nauwekea kiganja kila nikipita.

Siku ya kuyapachika mabawa, mzee aliyalaza juu ya meza akachukua patasi yake nyembamba. Katika ukingo wa bawaba akakata mara tatu kwenye la kwanza, mara nne kwenye la pili. Nilidhani amemaliza. Akainama tena, na pembeni ya mikato, kwa tarakimu ndogo ambazo hakuna atakayeziona hadi siku dirisha litakapotolewa, akachora mwaka tuliolitengeneza, ili fundi atakayekuja asidhani ni kazi ya yule wa kwanza.